Spika Zilizozibwa Nyuma

Muuza duka alipanga spika nne juu ya kaunta ya kioo, akazifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, kisha akamuuliza Chaudhry Munawwar yale ambayo muuza spika yeyote wa Hall Road humuuliza mteja. Sebule ni kubwa kiasi gani? Watu hukaa upande upi? Ni za muziki, za sinema, au za kisomo cha asubuhi? Munawwar alijibu yote huku akibonyezabonyeza koni ya spika kwa kidole gumba. Muuza duka hakulipenda jambo hilo, lakini alilinyamazia kwa sababu mteja alikuwa ameegesha gari zuri nje.

"Na juu ya dari pana nafasi?"

"Ipo ya kutosha. Nyumba ni ya marehemu baba, dari zake ni za kizamani, ziko juu sana. Hii mpya ya jipsamu, ya vibao vyeupe, itaning'inia chini yake. Mtu anaweza kukaa kitako katikati."

"Huko juu kuna nini? Mabomba? Popo?"

"Dada yangu."

Muuza duka alizichukua zile spika nne akazirudisha rafuni. "Basi hizi hazikufai. Ziko wazi kwa nyuma. Akikohoa huko juu utamsikia kama yuko mezani. Ni muongeaji?"

"Alikuwa mwalimu wa hesabu."

"Chukua zilizozibwa nyuma," alisema muuza duka, akainama chini ya kaunta. "Hizi zina kopo la chuma mgongoni. Yeye hatawasikia na nyinyi hamtamsikia. Tena besi yake ni tamu zaidi."

Walivutana bei kidogo, kwa ajili ya heshima tu, na Munawwar akarudi nazo mtaani kwake Samanabad zikiwa kwenye kiti cha nyuma, zimefungwa mkanda.

Nighat, dada yake, alikuwa juu tangu majira ya baridi. Siku moja mwanzoni mwa majira hayo alivaa shela yake ya kijivu, akaenda na kaka yake kwenye ofisi ya ardhi, na mbele ya afisa akasema sentensi ambayo wanawake wa ukoo ule wamekuwa wakiisema tangu enzi za mabibi: kwamba fungu lake katika nyumba ya baba amemsamehe kaka yake, kwa hiari yake, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa watu wale dada mwema ni yule anayesamehe. Anayedai fungu hupata fungu na hupoteza kaka, na siku ya Eid hakuna kaka wa kumbishia hodi na zawadi ya bangili. Sheria ya dini iko wazi kuhusu mirathi, na Munawwar, ambaye amekwenda Makka mara mbili, aliijua vizuri kabisa. Ndiyo maana alimwomba dada yake arudie lile neno "hiari" kwa sauti.

Waliporudi nyumbani, Nighat alishuka garini na mguu wake haukufika chini.

Ilikuwa nafasi ndogo tu, unene wa chapati. Aliyeigundua kwanza ni Shahnaz, mke wa Munawwar, mwanamke ambaye hakosi kitu kinachohusu viatu. "Wifi," alimwambia, "makubazi yako siku hizi hayachakai." Baadaye nafasi ilikua. Nighat akawa anatembea na pasi ya chuma kila mkono, na akikaa wanampakatisha jiwe la kusagia viungo. Daktari wa mtaa alipanda kwenye stuli, akampima presha, akasema presha ni nzuri sana, apunguze chumvi tu. Kabla machungwa hayajaisha sokoni, Nighat alikuwa amegota darini.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hawakusema inapimwa kwa mizani ya nani.

Mtaani hakuna aliyeshangaa. Samanabad watu hawastaajabu ya Musa wala ya Firauni, na karibu kila nyumba ilikuwa na shangazi wa aina hiyo katika kumbukumbu zake; wa jirani wa kulia alifungwa kamba kwenye mguu wa kitanda hadi alipofariki, akazikwa na mawe mengi. Kero ilikuwa mambo mawili. La kwanza, feni. Joto la Juni lilikuwa linakuja, na feni ya sebuleni isingeweza kuwashwa huku mtu akielea jirani na mapanga yake. La pili ni mdomo. Toka kule juu Nighat aliona vumbi lililoko juu ya makabati ya Shahnaz na upara ambao Munawwar alikuwa akiufunika kwa ustadi, na alivitaja vyote. Halafu wanafunzi wake wa zamani wakaanza kumletea watoto wao awafundishe. Walilala chali kwenye zulia na madaftari vifuani, naye akawafundisha hesabu za sehemu.

Alikuwa na mfano mmoja aliokuwa akiupenda. "Mtu amefariki, ameacha mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Wa kiume anapata mafungu mawili, wa kike moja. Nyumba ina vyumba sita. Msichana anapata vingapi?"

"Viwili, mwalimu!" walijibu watoto wote wakiwa wamelala.

Munawwar alikuwa akinywa chai yake chumba cha pili. Na wakati huo posa ya binti yake, Areeba, ilikuwa imekwisha kubaliwa, na wakwe wangekuja kula pale ndani. Kuwa na dada darini si aibu. Kuwa na dada darini anayegawanya vyumba ni jambo jingine. Ndipo akaamua kuweka dari ya jipsamu, taa za kisasa, feni yenye fimbo ndefu, na spika.

Fundi Latif alikuja na fremu za aluminiamu juu ya pikipiki. Alikuwa mtu wa adabu, hapandi ngazi bila kupiga bismillahi. Alipofika juu na drili yake alimkuta Nighat amelala pale pale alipotaka kutoboa.

"Mama, samahani. Naomba usogee kidogo upande wa uani."

"Kuna nini upande wa uani?" aliuliza Nighat. "Nina chumba gani mimi katika nyumba hii, niende?"

Munawwar alikuwa ameshika ngazi, jasho linamtiririka hadi kwenye viwiko, na hakuwa na hamu ya mjadala. "Dada, nenda tu chumba cha uani. Si chako kile?"

Nighat akashuka. Alishuka taratibu, urefu wa mkono mzima, hata fundi Latif akaisogeza drili isije ikamchoma. Shahnaz, aliyekuwa akileta chai, aliweka trei juu ya meza. Areeba, aliyekuwa akikunja mapazia ili yasiingie vumbi, aliacha kukunja.

"Chako cha kulala," alisema Munawwar. "Nina maana, chako cha kulala."

Nighat akapanda tena, kisogo chake kikagonga zege.

Kisha Nighat akaongea kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kwa mwanafunzi aliyefuta jibu sahihi. "Munawwar. Rudia lile la kwanza."

Munawwar alimtazama fundi. Fundi aliitazama drili.

"Sitaki nyumba yote," aliendelea Nighat. "Vyumba viwili, kama watoto wanavyojua. Sema, nishuke. Magoti yangu yamechoka kukaa hewani. Nimechoka, Munawwar. Nataka kuketi kwenye kiti."

"Baba, sema tu," alisema Areeba.

"Wewe nyamaza, hujaolewa bado," alisema Shahnaz. "Akimshusha shangazi yako leo, kesho kila mwanamke wa ukoo huu atataka kushuka. Daniyal atarudi kutoka Sydney akute amebakiziwa nini? Ngazi?"

Daniyal alikuwa mtoto wao wa kiume, ambaye nyumba ilikuwa inamsubiri, ingawa hajawahi kuiulizia.

Nitasema wazi, kwa sababu nilimjua Munawwar na hakuwa mtu katili: neno lilikuwa mdomoni mwake. Shingo yake ilikuwa imekwisha inuka. Angelitamka, feni ingezunguka jioni ile ile, na jipsamu yote angeirudisha dukani. Alichukua kikombe kwenye trei, akanywa chai, na neno likashuka nayo.

"Bosi," alisema fundi Latif, "nitoboe?"

"Toboa."

Nighat alisogea. Alichoomba ni mlango mdogo darini, upande wa jikoni, wa kupitishia chakula, na Munawwar alikubali mara moja, tena akaagiza uwe na kitasa kizuri. Alimnunulia pia shela mpya na mto wa manyoya. Asitokee mtu akasema hakumjali dada yake.

Vibao vya jipsamu vilipanda kimoja kimoja, na Nighat akawa anaonekana kwa vipande: mara miguu tu, mara mkono wenye kalamu, mara hakuna. Kisha fundi Latif akachora miduara kwa penseli na kuikata kwa msumeno. Mchana ule, kabla spika hazijawekwa, dari ilikuwa na matundu ya mviringo, na katika tundu lililo juu ya kochi kulikuwa na uso wa mwalimu wa hesabu.

Areeba alipanda juu ya mkono wa kochi. Shangazi yake aliteremsha mkono, wakashikana vidole.

"Watakuja kukuuliza na wewe," alisema Nighat. "Ni sentensi nzuri, haina kosa hata moja. Usiiseme."

"Wakikasirika?"

"Watakasirika wakiwa chini, na wewe ukiwa chini."

"Samahani, mama," alisema fundi Latif, akaunganisha waya mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, akasukuma spika ndani ya tundu hadi ikabana. Juu yake akaweka wavu mweupe, rangi moja na dari, na mtu asingejua kuna kitu pale. Walijaribu wimbo mmoja wa zamani wa dini, qawwali. Sauti ilishuka kila upande, laini na nzito, na hakuna aliyesikia kingine chochote. Munawwar alifumba macho akatikisa kichwa kwa raha. Ni kweli, zilikuwa spika nzuri sana.

Siku wakwe walipotarajiwa, alasiri, alikuja kwanza karani wa ofisi ya ardhi. Munawwar alitaka kuiandikisha nyumba kwa jina la Daniyal yeye mwenyewe akiwa hai, asije akasumbuliwa kaburini, na ilibidi Areeba aseme mbele ya karani kwamba hana dai. Karani alikaribishwa kochini, akapewa chai na halua ya karoti. Munawwar akawasha muziki, wa chini, wa kumpa mgeni heshima.

Areeba alikaa mbele yake akiwa tayari amevaa nguo za sherehe. Karani akamuuliza kama yuko tayari. Juu ya kochi, kando ya wavu mweupe, unga wa jipsamu ukaanza kudondoka. Ulidondoka kidogo, ukaacha, ukadondoka mwingi zaidi, mpaka ukaingia kwenye chai ya karani.

Areeba aliinua macho. "Baba, zima muziki kwanza."

"Kwa nini? Karani anaupenda."

"Naupenda," alisema karani, akasogeza kikombe chake.

"Areeba," alisema baba yake kwa upole, na upole ule ulikuwa wa kweli, "Daniyal ndiye ndugu yako pekee. Kesho ukionewa kwa wakwe, utalia mlango wa nani?"

Kuna msichana anayejua kitu, na kuna msichana anayeweza kukisimamia mbele ya baba yake, na mara nyingi si mtu mmoja. Areeba aliutazama ule unga ukidondoka. Nina uhakika alielewa ni nani anayegonga na anagonga nini, maana alizikandamiza nyayo zake juu ya zulia. Kisha akaisema ile sentensi yote, na neno "hiari" akalisema kwa sauti bila kuombwa. Unga ukaacha kudondoka.

Wakwe walifika jioni. Mama mkwe mtarajiwa, Bibi Tahira, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye macho ya mfua dhahabu. Alikula pilau mara mbili, akasifu taa, akasifu feni, akauliza muziki unatokea wapi, na alipooneshwa nyavu nyeupe akasema mashallah. Shahnaz alikuwa amemvisha binti yake dhahabu yote ya nyumba: mkufu, bangili hadi kwenye kiwiko, vikuku vya miguuni. Wageni walisema ni ukarimu mkubwa.

Areeba alipoinuka kupitisha chai, Bibi Tahira alitazama chini. Visigino vya msichana havikuwa vimegusa zulia. Nafasi ilikuwa ndogo tu, unene wa chapati.

Shahnaz aliona kwamba mgeni ameona. Akampa binti yake birika la pili, lililojaa, ashike kwa mkono mwingine.

"Usisumbuke, dada," alisema Bibi Tahira, akamgusa Shahnaz gotini. "Ni wasichana waliolelewa vizuri ndio huwa hivi. Mimi mwenyewe ninao mawifi wawili huko juu, na feni sijawasha toka Aprili."

Akamgeukia Munawwar, akamwomba namba ya fundi. Munawwar alimpa namba ya Latif, akamwelekeza na duka la Hall Road, na kwa kuwa sasa walikuwa familia moja, akamshauri asidanganyike na zile za bei rahisi, achukue zilizozibwa nyuma.