Mkono wa Selpha

Wazee walipofika kumpima Selpha mkono, Nangila alikuwa ameketi mlangoni anamenya viazi. Ilikuwa Jumamosi, watu wameshatoka kazini, na lokesheni yote ya Eldoret, mtaa wa Waafrika, ilinuka moshi wa kuni mbichi. Alipangusa mikono kwenye leso, akamwita binti yake na kumsimamisha mbele ya Mzee Shitanda, kama mtu anayempeleka mtoto kwa fundi wa nguo.

"Pitisha mkono juu ya kichwa," Mzee Shitanda alisema. "Kichwa usikipinde."

Selpha akapitisha. Vidole vilifika utosini vikaishia hapo.

"Bado," mzee alisema.

Murunga, baba wa mtoto, alitema mate kando. "Bado mpaka lini, Mzee? Meno ya utoto yameng'oka yote. Ananifika kifuani huyu!"

"Mimi sipimi meno. Baraza lilisema mkono."

Kweli lilisema hivyo. Murunga alikuwa nyapara kwenye shamba la Mzungu huko Moiben, na Nangila alimwacha kwa sababu ya vipigo. Wazee wa kwao waliokuwa wakisikiza kesi za ndoa nyuma ya soko waliamua kwamba mtoto ni wa baba, kwa vile ng'ombe wa mahari walitoka kwa baba. Ila alikuwa mdogo, basi akae na mama mpaka atimize miaka ya kwenda. Siku aliyozaliwa hakuna aliyeijua, zaidi ya kwamba nzige walikuwa wamepita. Wakatumia kipimo kinachojulikana na kila mtu: mkono ukipita juu ya kichwa ukashika sikio la upande wa pili, mtoto ametimiza.

Siku ya baraza Nangila aliuliza kama baba atatoa chochote cha kumlisha mtoto. Akaambiwa mwanamke aliyetoka kwa miguu yake hujilisha. Akauliza kama ataruhusiwa kumwona mtoto akishachukuliwa. Wazee wakatazamana, wakaita kesi nyingine.

Tangu hapo, kila asubuhi akimpaka Selpha mafuta, alivishika vile viganja viwili na kuviambia, "Ngojeni kwanza." Mikono ikasikia. Selpha alirefuka miguu, akarefuka shingo, lakini mikono ilibaki ile ya mtoto anayejifunza kutembea. Majirani hawakuona neno. Fundi wa cherehani alifurahi kuokoa kitambaa. Chepkorir, muuza maziwa wa mlango wa pili, alikuwa akisema, "Mama Selpha, una bahati. Wako hafikii sufuria. Wangu wangekuwa hivyo, si ningenenepa!"

Jioni Nangila alikuwa akienda darasa la watu wazima kanisani, na akirudi anamfundisha mtoto alichofundishwa. Selpha alishika haraka. Halafu akataka shule ya mchana, ile yenye kengele, na Nangila akampeleka. Mwalimu, kijana mpole, alimsikiliza akisoma ukurasa mzima bila kukwama. Akasema vizuri sana. Kisha akasema, "Sasa shika sikio."

Vidole vikaishia utosini.

"Mlete mwaka ujao, mama."

"Lakini amesoma, mwalimu. Si umemsikia?"

"Nimemsikia. Lakini hapa tunaandika anayeshika sikio."

Walirudi mwaka uliofuata, na mwingine. Selpha akawa mrefu kuliko watoto waliokuwa wakimaliza. Akaacha kufungua kitabu cha mama yake. Akawa anashinda ukutani, mikono ile mifupi mapajani, anatazama wenzake wakipita. Asubuhi moja, akipakwa mafuta, alisema, "Mama, leo usiiambie mikono kitu."

Nangila alibaki na kopo la mafuta mkononi. Alijua kitakachofuata. Lakini alikuwa mtu wa kutumaini. Labda wazee wakiona mtoto yuko darasani watamwacha amalize. Labda Murunga, ambaye alishaoa mwingine, amechoka na hii kesi. Akampaka mafuta kimya.

Jua lilipopanda, mikono ilikuwa imefika magotini. Selpha alikimbia shuleni peke yake. Akashika sikio, na mwalimu akaandika jina lake bila kuuliza, akamwonyesha pa kukaa.

Murunga alisikia, akaja na Mzee Shitanda. Kabla hawajafika, Nangila alimwambia mtoto akunje kiwiko, ajifanye hafiki. Selpha akakubali. Lakini mzee aliposema pitisha, alipitisha kwa furaha ile ile ya shuleni, akashika sikio na kutabasamu, anangoja asifiwe.

"Umefika," Mzee Shitanda alisema.

Nangila alipiga magoti. "Mzee, ameanza shule. Huko Moiben atasomea wapi? Aachwe tu amalize."

"Shule haikuwa kwenye kesi, mama."

"Na mke wangu amejifungua," Murunga alisema. "Nataka wa kulea mtoto."

Selpha aliondoka nyuma ya lori la mahindi. Alipunga mikono yote miwili, na ilionekana hata lori lilipokwisha kupinda kona.

Huko Moiben mikono iliendelea kurefuka, maana hakuna aliyeiambia ingoje. Murunga aliridhika. Msichana aliketi jikoni, mtoto mchanga amelala mapajani, mkono mmoja unachota maji mtoni na mwingine unavunja mahindi shambani. Mzungu alipoona kazi inavyokwenda, alimwongezea Murunga posho.

Mavuno yalipokwisha, mkono wa kulia ulifika mjini. Ulikuja kando ya barabara, na madereva wa malori walipunguza mwendo wasiukanyage. Ulipapasa milango ya lokesheni mmoja mmoja. Chepkorir aliuona kwanza. "Mama Selpha, mtoto wako huyu amekuja," aliita, akasogeza maziwa yasimwagike.

Nangila aliuosha kwa maji moto. Kiganja kilikuwa kigumu kama kwato. Kwa vile masikio na macho ya Selpha yalibaki Moiben, aliandika kwa kidole ndani ya kiganja: UNAKULA? Kidole cha Selpha kikajibu kwenye vumbi la sakafu: NAKULA. Wakaandikiana hivyo mpaka watu wa Moiben walipouhitaji, wakauvuta urudi.

Ulikuwa ukija kazi ikipungua. Mwanzoni maneno yalikuwa mazima. Baadaye herufi zikaanza kugeuka nyuma mbele, nyingine hazikuja kabisa. Mwishowe Nangila aliandika kiganjani na kidole kikachora mistari tu, kikatulia.

Mkono ulipofika umevaa bangili mpya ya shaba, ile wanayovishwa wasichana waliokwisha kuposwa, Nangila alimwita Mzee Shitanda. Mzee aliketi kwenye kigoda, akaigeuzageuza bangili. Aliuliza ng'ombe wametoka ukoo gani. Nangila hakujua.

"Murunga atakuwa anajua," mzee alisema. "Sioni kosa. Kuna lingine, mama?"

"Hakuna."

Mzee alipokwenda zake, Nangila aliupakata mkono. Kucha zilikuwa zimevunjika, zimejaa udongo. Akachukua wembe, akazikata moja moja, taratibu asimuumize. Alikuwa kwenye kidole cha mwisho Moiben walipoanza kuuvuta.