Nyumba Isiyo na Mlango

Kabla hajajua kwamba sauti ile ni ya ndege, Bawaba alitia mafuta milango yote ya nyumba yake. Alianza na mlango wa mbele, akafuatia wa jikoni, akaishia kwenye kijimlango cha banda la kuku, ambacho hata bawaba hakikuwa nayo, kilifungwa kwa kamba. Kamba nayo ikapakwa mafuta. Sauti ikabaki pale pale: siii, nyembamba na kavu, kama mlango unaofunguliwa na mwizi mwenye adabu.

"Shemeji," akasema mdogo wa mkewe, aliyekuja kumuuguza dada yake, "ukimaliza kutuogesha milango, bakiza mafuta ya kupikia. Huyo anayelia yuko pale juu ya msumari."

Bawaba akainua macho. Kwenye msumari uliotokeza juu ya nguzo ya karakana alisimama ndege mdogo kuliko shomoro, wima kama askari anayengoja kukaguliwa. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya vumbi la mbao za zamani. Kifua kilikuwa cheupe chenye vistari hafifu, kana kwamba fundi fulani amejaribia penseli hapo kisha akaghairi. Miguu mifupi myeusi, jicho kubwa jeusi, basi. Pambo hana. Mara akachomoka, akajipindua hewani, mdomo ukalia tap! na kabla Bawaba hajapepesa macho alikuwa amerudi kwenye msumari ule ule. Nzi mmoja alikuwa ameshaaga dunia.

Wakamwita Mlinzi.

Bawaba alikuwa fundi wa milango, ndiyo maana jina la kuzaliwa lilishasahaulika. Alijua kutengeneza mlango na alijua kuongopa, na kazi hizo mbili alizifanya kwa wakati mmoja. Alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kuunda mlango mwepesi hata mwenye nyumba akipiga chafya chumbani unajifunga, na akipiga ya pili unajifungua kumwombea afya. Wateja walicheka, kisha wakaagiza. Lakini mchochezi hasa alikuwa mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akipita na ndoo yake na kusema, "Ongeza chumvi, baba watoto, huo haujakolea."

Sasa hakuna wa kuongeza chumvi. Kiharusi kilimpiga mama yule asubuhi moja akifunga kanga, kikamchukulia upande wa kulia na maneno yote. Kilimwachia mkono wa kushoto tu na macho. Walimwekea kitanda dirishani, karakana ikiwa mbele yake, lakini yeye akageukia ukuta na kukataa chakula, hadi alipokuja Mlinzi.

Alimfuata kwa macho kutwa nzima, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Siku moja ndege alikamata nyigu. Hakummeza, alimpigapiga kwenye msumari mpaka mwiba ukatoka, ndipo akamteremsha. Kitandani ikatoka sauti ambayo ilikuwa nusu kikohozi, nusu kicheko. Mdogo mtu akaangusha kijiko. Siku hiyo mgonjwa alimaliza uji wote.

Mlinzi naye alikuwa na mke. Wawili hao walijenga kiota juu ya mlango mrefu ambao Bawaba alikuwa ameumaliza na kuuegemeza chini ya upenu, nyuma ya taji la nakshi. Walijenga kwa kuvumwani, ule ukoga wa magome ya miti, utando wa buibui na maranda laini, na ndani wakatandika nywele nyeupe. Zilikuwa za mgonjwa. Kila asubuhi mdogo wake alimchana, kisha akazitupa nywele zilizong'oka nje ya dirisha. Mgonjwa aliona zikichukuliwa, unywele mmoja mmoja. Makinda yalipototolewa yalikuwa matatu.

Ndipo muuguzi mkuu wa zahanati akaja na wasukuma mkokoteni.

"Mzee wangu, tumefuata mlango wetu."

"Nipeni muda kidogo, binti yangu. Kuna wapangaji juu."

Muuguzi alipanda kwenye kigoda, akachungulia, akashuka taratibu. Uso wake ulikuwa umelegea. "Ningeweza ningekuachia hadi waoe na kuolewa. Lakini mzee, wanawake wanajifungulia nyuma ya pazia. Upepo ukivuma, barabara nzima inajua mtoto ni wa kike au wa kiume."

Mlango ulikuwa wa watu, tena wa haki.

"Basi kunyweni chai," akasema. "Nitawajengea nyumba."

Chai haijapoa, nyumba ikawa tayari. Mikono ya fundi ilienda ilikozoea: kuta nne zilizopigwa randa, paa la mteremko, na mbele kijimlango chenye bawaba mbili za shaba alizozing'oa kwenye kisanduku cha vito vya mkewe. Akaichimbia nguzo pale pale kiota kilipokuwa, kimo kile kile. Akahamisha kiota bila kuyumbisha hata kinda moja, akauacha mlango wazi. Wasukuma mkokoteni wakampigia makofi. Mlango wa zahanati ukaondoka.

Mlinzi akaja na nondo mdomoni. Akazunguka. Akatua juu ya paa. Ndani makinda yalimlilia, yeye akajibu siii, akainama ukingoni, akatazama lile tundu lenye giza, akarudi kwenye msumari. Nondo bado yuko mdomoni.

"Karibu," Bawaba akamwambia. "Ingia, hapa hakuna hodi."

Mke wa Mlinzi akaja, naye akafanya vivyo hivyo. Bawaba akadhani mlango ni mdogo, akaupanua. Akadhani bawaba zinamtisha kwa kung'aa, akazipaka masizi. Akajaribu kulisha mwenyewe. Huyu aliyewahi kusimulia kwamba huangusha nzi kwa kukonyeza jicho alirukaruka uani hadi jua likazama asipate hata mmoja aliye mzima. Alipochomeka jongoo aliyepondeka ndani, makinda yakalala chini na kufunga midomo.

Dirishani mkewe alikuwa akipiga kioo kwa mkono wa kushoto.

"Maji?" Bawaba akakimbilia ndani. "Mto? Baridi?" Akafunga dirisha, akavuta pazia. Machozi yakamtoka mgonjwa, yakaingia sikioni, naye hakuyafuta.

Asubuhi, mdogo mtu alimletea uji katika kikombe chenye kifuniko. Mgonjwa akaking'oa kifuniko, akakitupa sakafuni. Mdogo akaokota, akafunika. Kikatupwa tena. Akaokota tena. "Dada, leo umeamkaje?" Mara ya tatu mgonjwa hakutupa tu, alikitupa kuelekea dirishani, akakazia macho pazia. Mdogo akalivuta, akatazama nje, akatazama kifuniko.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Toa mlango! Anataka nyumba isiyo na mlango!"

"Nyumba isiyo na mlango ni nyumba gani?"

"Ni ile waliyoijenga wenyewe!"

Bawaba akasimama kama aliyepigwa kofi. Kutwa ndege yule alikaa mahali pa wazi ili aone pande zote, na yeye akamjengea shimo. Mkewe alikuwa ameliona tangu mwanzo. Yeye fundi alikuwa akitazama bawaba. Akachukua nyundo, akang'oa kijimlango, akang'oa ukuta wa mbele, akang'oa paa.

Mawili yalikuwa yamepoa. La tatu liliinua kichwa kisichoweza kujibeba, likafungua mdomo wa manjano, bila sauti.

Akayatoa yale mawili, akayafunika kwa maranda, akarudi nyuma. Mlinzi akashuka kutoka msumarini, akatua ukingoni, akalitia nzi mdomoni lile lililobaki.

Bawaba akanawa mikono, akaingia chumbani na uongo aliouandaa njiani. "Wote watatu wazima, mama watoto. Wanakula kama wapasua mbao. Yule mkubwa ameshaniuliza kama nina kazi..."

Mkewe alimtazama. Akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole kimoja.

Kutoka kitandani, kwa kuwa sasa nyumba ile haikuwa na ukuta wa mbele, kila kitu kilionekana.

Bawaba akaketi. Chumvi yote ilikuwa imemwishia. Nje, juu ya miti, wingu jeusi lilikuwa likijikusanya, na kiota kilikuwa wazi kama kiganja. Mkono wake ukaanza kutafuta ubao, kwa mazoea tu, na akanyanyuka nusu. Mkewe akamshika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu za kumzuia, na Bawaba hakujivuta.

Tone la kwanza liligonga kioo. Mke wa Mlinzi akaja mbio, akalalia kiota, mabawa akayatandaza, akanyamaza.