Namwagia Wapi

...na kikombe chenyewe ndicho hiki, kidogo kama kile cha kupimia dawa ya kikohozi, mtu mzima akinywa hata ulimi haulowi, lakini Bi Saengla alikuwa amekishika kwa vidole vyote vitano kama aliyeshika kifaranga, asikibane sana, asikiachie, maana ameshakichukua na kurudisha harudishi, hata huyu mkwe wake Chanpen amkanyage miguu yote miwili humu kanisani, "Mama," alikuwa anamnong'oneza, "Mama, hicho ni cha waliobatizwa, si nilikwambia pale nje," naam, aliambiwa pale nje, aliambiwa mengi, simama tukisimama, kaa tukikaa, sinia la mkate likija lipitishe, sinia la vikombe likija lipitishe, na la mkate kweli alilipitisha, hana shida na mkate wa watu, lakini yule mzee alipofika na vile vikombe na Bi Saengla akaiona rangi, ile nyekundu, moyo ulimlipuka, akasema kimoyomoyo, haya, hapa ndipo penyewe, hiki ndicho nilichokifuata, na mkono ukaenda wenyewe. Kwani nyekundu nani haijui? Pale kwake uani kuna kijumba cha mzimu wa kiwanja juu ya nguzo yake, na kila asubuhi, mwaka wa arobaini huu, humwekea chupa ya soda nyekundu na mrija ndani, si ya njano, si ya kijani, nyekundu, na mwanawe Inthon alipokuwa na miaka mitano aliwahi kuinyonya ile soda, akala kofi, "hiyo ni ya wasioonekana, wewe unaonekana," mtoto akalia, alipomaliza kulia akauliza, sasa mama, kama wanakunywa, mbona haipungui, na yeye kwa kukosa jibu akamwongeza la pili... mtoto yule na maswali yake, masikini, angejua tu. Kwa hiyo hapa hana la kuuliza: nyekundu imeletwa, ni ya waliokwenda, inamwagwa, jina linatajwa, inafika. Amebakiwa na shida moja tu, namwagia wapi.

Aliinama kidogo akatazama chini ya benchi, labda kuna kisahani, labda wenyewe huweka kisahani chini kila mtu na chake, akaona viatu tu, viatu vya watu, wamevaa viatu mbele ya mungu wao jamani, ni yeye peke yake aliyeacha kandambili zake kule kwenye ngazi kama mtu mwenye adabu anavyoziacha hekaluni, na sasa nyayo zimemganda kwenye vigae, na zile kandambili mbwa atakuwa ameshazichukua, mgeni kuku mweupe, ndiyo maana wale wasichana wa mbele wamegeuka mara mbili, na hawajaona bado alivyoingia akaketi sakafuni miguu nyuma mpaka Chanpen akamnyanyua kwapani kama mzigo, "huku tunakaa juu, Mama," juu, sawa, halafu mkishakaa juu mnasimama, mnaimba, mnakaa, mnasimama tena, kama watu waliokalia siafu, magoti yake ya miaka sitini na nane hayakuja hapa kwa mazoezi. Na mwenye nyumba yuko wapi? Alipoingia alimtafuta, pale mbele mahali pa sanamu hakuna sanamu, mbao mbili tu zimepishana, wala udi, wala mshumaa, wala ua la mlotasi, akajiuliza amsujudie nani, akazisujudia zile mbao, heri lawama kuliko kukosa adabu. "We shoga, unatafuta nini huko chini?" Huyo ni Thongmuan, yuko nyuma yake, muuza ngozi za nguruwe za kukaanga, wamekaa meza jirani sokoni Lamphun miaka ishirini na sauti yake haijawahi kujua kunong'ona. "Pa kumwagia," Bi Saengla alisema. "Pa nini?" "Pa kumwagia, pa kumwagia hiki." "Weee! Vigae hivi nimevipiga deki mimi mwenyewe jana mpaka kiuno kikasema basi, halafu wewe umwage! Kunywa, au nipe mie nikunywie." Chanpen akafumba macho. Mchungaji kule mbele alikuwa anaendelea kusoma, taratibu, sauti yake imekwaruzwa na moshi kama sauti za watu wote mwezi huu wa tatu, milima inaungua, jua jekundu, na kikombe chekundu mkononi, na ndani ya kikapu hapo mapajani, chini ya mtandio, birika lake dogo la shaba na kisahani chake, alikuja navyo, kwani mtu aende kwa wageni akitegemea vyombo vya wageni? Akifungua mtandio sasa hivi akamimina, nani atamzuia, kitu cha kufumba na kufumbua, Inthon, mwanangu, pokea, basi, kwisha... lakini kama kwao haimwagwi hivyo? Ikienda kombo? Ikamfikia mtu mwingine, mwenye jina kama hilo?

Maana hekaluni ameshamwaga, jamani, kumwaga kupi. Tangu mwezi wa nane, tangu ngazi iteleze kwenye ule mti wa lamyai wa nyuma, mti uliozaa mwaka ule mpaka matawi yakafungwa kamba, Inthon juu na kikapu, Inthon chini, na matunda yakaendelea kudondoka juu yake moja moja baada ya yeye kunyamaza... tangu siku hiyo hakuna siku ya ibada ya hekaluni hata moja iliyompita, saa tisa usiku macho, wali wa kunata jikoni, samaki kwenye majani ya mgomba, pilipili kinuni, alivyopenda mwenyewe, kikapu, hekaluni, jina juu ya karatasi, mtawa anaghani, maji yanatoka birikani kidogo kidogo kwenye kisahani, anataja, Inthon, Inthon, Inthon, anatoka nje anamwaga shinani mwa mti, ardhi inapokea, ardhi haisahau, thawabu inamfika mwenyewe huko aliko, halafu anarudi nyumbani, analala mchana, na mtoto yule anakuja. Njozi ni ileile. Yeye Bi Saengla yuko chini kwenye kigoda chake anatwanga, na Inthon amesimama mlangoni mwa jiko na shati lake la mavuno, ameshika lile bakuli la bati la buluu, amelinyoosha, hasemi kitu. Amelinyoosha tu. Na kila mtu kule kwao anajua maana yake, marehemu akikujia na chombo ana njaa, hakijamfika, na mtawa mkuu akamwambia ongeza, akaongeza, mtumie jumapili hadi jumapili, akatuma, na mtoto anarudi na bakuli lake palepale mlangoni. Amechoka. Aseme tu, kwani anamficha nani, amechoka, anapika wanakula watawa na njiwa wa hekaluni na yeye mwenyewe anakwangua sufuria akiwa amesimama, miezi saba, blauzi hii aliyovaa ilikuwa inambana. Mpaka juzi jirani akamwambia, dada, mwanao alihamia kwa mungu wa kanisani, huko unakotuma siko alikohamia, hata barua ukiandika anwani ya zamani inarudi. Ee! Hapo ndipo akili ilipomkaa sawa. Ndiyo maana hapati. Atapataje, amekaa kwenye nyumba ya mwingine, lazima upite kwa mwenye nyumba.

Na aliyemhamisha si huyu hapa? Chanpen na mapenzi yake, mtoto kaoa leo kesho anaimba na vitabu, na alipokufa wakamzika, wakamweka ardhini mzimamzima na udongo juu yake badala ya kumchoma mtu akaenda zake kwa amani, na siku ile pale kaburini, nyuma ya kanisa hilihili, Bi Saengla amekuja na kifurushi chake cha wali, huyu binti akamshika mkono akamwambia, "Mama, hahitaji kitu." Hahitaji kitu! Kwa upole kabisa alisema, ndiyo maana iliuma, angesema kwa ukali angemjibu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ulizaa wapi, mtoto wa kumnyonyesha, wa kumtafunia wali, wa kumpulizia uji, leo aambiwe hahitaji kitu, sasa mama wa mtu asiyehitaji kitu ni nani? Ni jirani tu. Miezi saba hawajasemeshana zaidi ya umeamkaje, mpaka alfajiri ya leo alipogonga mlango wa huyu binti na kikapu chake mkononi, nipeleke kwenu, na Chanpen badala ya kuuliza kwa nini akaenda kumtafutia mwavuli. "Mama," alimnong'oneza sasa, na safari hii hakusema rudisha, "unataka kummwagia Inthon?" Bi Saengla alitazama mbele. "Ananijia," alisema, "ana bakuli, ana njaa." Nyuma mzee wa sinia alikuwa anaburuta mguu wake mbovu kutoka safu hadi safu, hakuna anayekunywa mpaka wote wapate, wote wameshika vikombe vyao kama yeye, wanasubiri. "Anakujia," Chanpen alisema. "Kila mara?" "Kila nikilala." "Mimi simwoti, Mama. Hata mara moja. Nalala na shati lake, simwoti." Akasema hivyo akitazama kikombe chake, na Bi Saengla akageuka akamwona vizuri kwa mara ya kwanza tangu msibani, shingo imekuwa kamba, pete imefungiwa uzi isidondoke, loo, na huyu naye nani anampikia? Alikuwa anamwonea wivu. Binti wa watu anamwonea wivu mama mkwe njozi ya njaa.

Mchungaji alifunga kitabu. Akasema, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani, kwamba aliyeandaa meza hii alikuwa anakwenda kufa, alijua, kesho yake tu, na wenzake ndio waliopaswa kumlisha, kumliwaza, lakini yeye ndiye aliyewakatia mkate na kuwamiminia, akawaambia chukueni... Subiri. Bi Saengla alikiweka kichwa upande wa lile sikio zima. Anayekufa ndiye anayelisha? Hawa watu kila kitu chao kichwa chini miguu juu, sisi tunawapelekea waliokufa, wao wanapelekewa, mambo gani haya, marehemu apike walio hai wale! Akataka kucheka. Halafu akamkumbuka yule mzee, alivyomletea sinia, kwa mikono miwili, kiuno amekiinamisha, kiwiliwili kimeshuka kidogo upande mmoja kwa ajili ya ule mguu, kama mdogo anavyompa mkubwa. Mikono miwili. Inthon pale mlangoni, lile bakuli ameshika kwa mikono miwili. Amejiinamisha. Nani alimfundisha? Si yeye, kwa kofi, kwa mdomo, kila siku, mkubwa hapewi kwa mkono mmoja wewe, inama, mpe mama kwa mikono miwili... Anayeomba haombi hivyo. Mwenye njaa haji ameinama hivyo, mwenye njaa angechuchumaa hapo kinuni akafunua sufuria mwenyewe, Inthon yule, toka lini alisubiri kukaribishwa? Na yeye Bi Saengla yuko chini kwenye kigoda, macho usawa wa magoti ya mtoto, anatwanga, "subiri, baba, namalizia," miezi saba anamwambia subiri, na hajanyanyuka hata siku moja akachungulia ndani. Alijuaje kama ni tupu? Nani alimwambia ni tupu? Mtoto anasimama na chakula mikononi, kinapoa, mama anamwambia subiri nakupikia. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, mkono mmoja una kikombe na mwingine umekishika kikapu, na ndani ya kikapu, pembeni ya birika, vifurushi viwili vya samaki na wali wa alfajiri ya leo, bado vina joto, vilimpasha paja lote hili na hakuvisikia. Tumbo likamnguruma. Si kidogo, lilinguruma kama jiwe la kusagia, wasichana wa mbele wakageuka mara ya tatu, na Bi Saengla kwa aibu akamtazama mkwe wake, kama mtu anavyofanya. "Usimsingizie mtoto wa watu," Thongmuan alisema nyuma yake, "hiyo njaa ni ya kwako, shoga."

Ya kwake. Alikaa nayo kidogo, njaa yake mwenyewe, hakuisikia tangu mwezi wa nane, aliidhani ya mtu mwingine. "Chanpen," alinong'ona, "tukitoka hapa hatuendi kaburini kwanza. Tunakula. Nina samaki." Binti alimeza mate. "Si ni wa Inthon, Mama?" "Ni wetu," Bi Saengla alisema. Hakumwaga, hakunywa. Mzee wa sinia alikuwa bado hajafika safu ya mwisho, na watu wote walikuwa wanamsubiri.