Unga wa Ndakala

Picha ya mguu ilibandikwa kwenye taa, na Bibiane akaitazama mifupa ya baba yake kwa haya, kama anayechungulia chumba cha mkwe. Kando ya mifupa zilishuka nyuzi mbili nyeupe, zimejipinda hadi vidoleni.

"Hiyo ni mishipa ya damu," daktari akasema. "Kwa mtu mwenye afya, haionekani hivi. Ya mzee imeshika chokaa."

Mwaka wa pili huo figo za baba huyo, mzee Stanislas, zilikuwa zimechoka. Siku hizi akitembea hatua hamsini tu, vigimbi vinamkaza. Anasimama, anajifanya anasalimia watu. Asubuhi ile muuguzi alipoita, "Sitwayeni Mwamba Kasongo!", hata hakugeuka, maana cheo hicho cha "raia" na jina la kitambulisho kipya, baada ya serikali kukataza majina ya Kizungu, vilikuwa bado havijamkaa. Sasa alikuwa nje kwenye benchi, anaupumzisha mguu.

"Anakula nini?"

Bibiane alijibu kwa fahari. Maziwa kila asubuhi, na unga wa ndakala. Kwenye masomo ya jioni ya parokia, akina mama walifundishwa kukaanga dagaa hao wakavu pamoja na vichwa na mifupa, kuwatwanga, kisha kutia kijiko kimoja katika uji wa mtoto. Georgette wake alitembea akiwa na miezi kumi! Baba alipokonda, akaona kilichomwinua mtoto kitamwinua na mzee. Uji wa mzee akautia vijiko vitatu.

Daktari akavua miwani. "Kwa mtoto ulifanya vizuri kabisa. Lakini maziwa na mifupa ya samaki vina fosfori nyingi, na figo za mzee haziwezi tena kuitoa. Inabaki kwenye damu, na mishipa inakuwa migumu kidogo kidogo. Ugonjwa ulianza kabla ya unga wako, mama. Ila unga huo uuache leo, na maziwa uyapunguze."

"Hiyo chokaa itatoka?"

"Haitatoka. Tunaweza kuichelewesha tu."

Mlangoni Bibiane akasimama. Tangu mkewe afariki, mzee hakula kwa mikono ya mtu mwingine ila ya Bibiane. Kwa majirani husema ameshiba. Akijua, ataonja tena chakula chake? Angeweza kumwambia tu ndakala wamekwisha sokoni. Akatoka, akaketi kando yake kwenye benchi.

"Papa, kule kiwandani, mabomba yalikuwa yanazibwa na nini?"

"Chokaa. Miaka makumi tatu niliigonga na nyundo."

"Mishipa yako nayo iko vile. Na unga wangu umeongeza."

Mzee akaugonga mguu wake kwa kidole.

"Hii haigongwi?"

"Hapana, papa."

"Basi tupunguze yenye kuingia." Akakohoa. "Minye nilikuwa najiuliza, juu ya nini ule unga iko muchungu vile."

"Papa! Si ulikuwa unasema mutamu?"

"Ningesema nini? Mama yangu njo amepika." Alimwita Bibiane hivyo tangu akiwa mtoto, kwa kuwa alibeba jina la mama wa mzee. "Leo utapika nini?"

Bibiane akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akawazia unga wa ugali na kabichi vilivyokuwa nyumbani. "Bukari na shu. Nyama kidogo."

"Na chumvi?"

"Kidogo sana."

"Aa, weye sasa unataka kuniua kweli," mzee akasema, akamnyooshea binti mkono amsaidie kusimama, waende nyumbani kupika.