Ng'ombe wa Debora

Ng'ombe wa Yared hakukubali kukamuliwa na mtu yeyote ila mkewe Debora, na Debora alikuwa amerudi kwao Berega. Aliondoka siku Yared alipotupa sahani ya ugali uani, mbele za wageni, eti mboga ya mlenda imezidi chumvi. Debora aliingia ndani. Alifunga nguo zake, akaenda kupanda gari.

Tangu hapo ng'ombe naye akawa na gubu. Ukimshika chuchu, teke. Ukimfunga miguu, anabana maziwa. Kiwele kimevimba, ndama analia, na mama muuza chai wa Mabwerebwere ameshapiga simu: kama maziwa hayaji leo, anatafuta kwingine.

Yared alikuwa amemchapa fimbo. Alikuwa amemtukana kwa Kikaguru, akarudia kwa Kiswahili. Asubuhi hiyo akanyoosha mikono. Aliingia ndani, akajifunga kitenge cha Debora, akajitanda kanga yake kichwani, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuimba, kwa sauti nyembamba, ule wimbo wa kanisani ambao mkewe huimba akikamua.

Ng'ombe akageuza shingo. Akanusa kitenge, akashusha pumzi. Maziwa yakaanza kugonga ndoo. Yared mwenyewe akasikia mabega yanalegea, na ndoo ikafika nusu.

"Hodi hapa! Hee, shemeji!" Alikuwa Generoza, jirani, amesimama nje ya ua, mkono mdomoni. "Umependeza! Kumbe kwaya imepata sauti ya kwanza?"

"Toka."

"Nakutania tu, jamani. Endelea, bi harusi, usimkatishe mwenzio."

"Nimesema toka, mwanamke mpumbavu wewe!"

Akainuka anafoka, kanga ikamdondoka, akakirusha kigoda kwenye ua. Ng'ombe akashtuka, akarusha teke likampata Yared gotini na kuangusha ndoo kwa pamoja, akaikanyaga mpaka ikapasuka.

Generoza hakucheka tena. Alimtazama Yared alivyokaa kwenye tope la maziwa, ameshika goti.

"Debora yupo kwangu tangu jana jioni," alisema. "Alinituma nije nione kama umepoa, ndipo aje."

Yared aliokota kanga topeni. "Mwambie nimepoa."

"Nimwambie nini, shemeji? Nyumba yangu si hiyo hapo? Amekusikia mwenyewe."

Alitaka kukimbia, goti likakataa. Alipofika kwa Generoza anachechemea, kitenge bado kiunoni, alikuta mkeka mtupu na kikombe cha chai ambayo haijaisha. Gari la Berega lilikuwa limeshaondoka.

Ile hasira haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Ilikula nusu ndoo ya maziwa, na ndoo yenyewe. Ilikula goti la kulia. Ilimla mama wa chai, ambaye mchana alinunua kwa mwingine. Ikamla na Debora, ambaye alikuwa amesharudi hadi nyumba ya jirani.