Mashine ya Wiki Tatu

Karatasi aliyoingia nayo dukani Mzee Rula ilikuwa na safu nne zilizopigwa mistari kwa wino mwekundu: jina la kifaa, urefu wake, umeme unaohitajika, na kifaa kingine ambacho lazima kielewane nacho. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Jina la Rula alipewa na majirani, si kwa sababu ya kazi tu, bali kwa sababu hata nguo zake alizianika kwa kufuata ukubwa.

Fundi wa duka, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Nyaya, aliisoma karatasi ile, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mzee wangu, hii ni kompyuta au ni shamba la urithi?"

"Vyote hupimwa, mwanangu."

"Haya. Ya nani?"

"Ya binti yangu. Anahariri filamu."

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, aliishi mbali, mwendo wa siku nzima. Tangu mama yake afariki, alikuwa amelala nyumbani kwa baba yake mara mbili, na mara zote mbili aliondoka kabla shuka hazijakunjamana. Lakini mwezi uliopita, katika simu yao ya Jumapili ambayo kwa kawaida haikuzidi dakika sita, alilalamika kwamba laptopu yake inakwama kila anapofungua picha za filamu mpya, na kwamba kazi ile ingemfungia ndani wiki tatu.

"Kungekuwa na mashine ya maana hapo nyumbani, baba, ningekuja kuifanyia huko huko. Jioni tungecheza hata gemu la magari, kama zamani."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetania. Baba yake hakuyapokea kama utani. Simu ilipokatika aliiendea kalenda ya ukutani, akahesabu siku ishirini na moja, akazizungushia mstari.

Sasa Nyaya alimvutia stuli, akafuta kaunta kwa kiganja.

"Kama ni kuhariri na kucheza gemu, wabeba mzigo ni wawili. Prosesa ndiyo akili, kadi ya picha ndiyo mikono. Hao wengine wote ni watumishi wao." Aliweka kisanduku kidogo mbele yake. "Hii prosesa ni ya kati. Haina makuu. Filamu itaharirika, ila taratibu."

"Na ile iliyo juu ya kabati?"

"Ile? Ile inamaliza kazi kabla hujaketi sawasawa."

"Basi nipe hiyo."

"Mzee, wenzako wanasema haraka haina baraka."

"Aliyesema hivyo hakuwa na laptopu ya binti yangu."

Nyaya alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akapanda ngazi kuiteremsha. Mzee Rula hakucheka. Katika fikra zake jambo lilikuwa wazi kama ramani iliyokwisha kuidhinishwa: mashine ikikwama, binti atachoka na kuondoka, mashine ikiwa bora kuliko zote, binti hatakuwa na sababu ya kuondoka. Kwa hiyo kila Nyaya alipomwekea vifaa viwili, yeye alichagua chenye nguvu zaidi, akakiandika katika safu yake na kukipigia mstari.

Kwenye kadi ya picha walikwama. Ile aliyoitaka ilikuwa ndefu kama matofali mawili yaliyounganishwa, na kasha la kufungia vifaa alilokuwa amelichagua lilikuwa na feni tatu upande wa mbele. Mzee Rula alitoa futi ya chuma mfukoni, akaipitisha ndani ya kasha, akainama kusoma.

"Sentimita thelathini na tatu. Kadi ni thelathini na nne."

"Miaka tisa niko hapa," Nyaya alisema, "sijaona mteja anayekuja na futi yake. Wengi hununua, wanafika nyumbani, halafu wananipigia simu wakilia."

"Mimi sikuja kulia."

"Nimekuona. Chukua hili kasha pana."

Ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, aliukagua tundu kwa tundu ili kuhakikisha prosesa itaukalia vizuri. Alijumlisha umeme wa vifaa vyote, akaongeza theluthi moja ya tahadhari, na ndipo akachagua pawasaplai ya kuvigawia umeme huo. Nyaya akasema kuwa hapo hana la kumfundisha. Diski alichukua kubwa. Feni alichukua zisizo na kelele kabisa, ili mtu akiitwa kutoka chumba cha pili asikie.

Mwisho vilikuja vijiti vya ramu, vile vinavyoishikia mashine kazi iliyo mkononi. Vilikuwa viwili katika pakiti moja.

"Kwa nini kisiwe kimoja kikubwa?" aliuliza.

"Wawili wakibeba meza, haiyumbi. Mmoja peke yake atafika, lakini uliza atafika saa ngapi."

Mzee Rula aliitazama pakiti ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaiweka pamoja na vingine.

Aliiunganisha mwenyewe, alasiri mbili mfululizo, juu ya meza ya chakula aliyoitandika shuka safi. Nyaya alikuja siku ya pili kukagua, akakaza skrubu moja tu, na hata hiyo alikiri kwamba aliikaza ili asionekane amekuja bure. Mashine ilipowaka, Mzee Rula aliipiga picha, akaituma bila maneno. Binti alijibu kwa alama za mshangao mstari mzima. Baada ya saa moja akaandika: "Nakuja Jumatatu."

Alikuja kweli, na begi la nguo na diski sita za picha. Chumba chake cha zamani kilikuwa kimepakwa rangi. Mbele ya mashine kulikuwa na viti viwili.

"Baba! Umeiunda mwenyewe hii?"

"Nilisoma maelekezo, mama." Alimwita mama kwa kuwa alikuwa amepewa jina la bibi yake, mzaa baba.

"Watu wa ofisini kwetu hawana kitu kama hiki. Wallahi nitawaringia."

Siku hiyo na iliyofuata nyumba ilikuwa na sauti. Kiti kilisogea, vikombe viligongana, mtu alicheka peke yake kwa jambo aliloliona kwenye kioo. Mzee Rula alipita mlangoni mara nyingi, kila mara akiwa na sababu mkononi: maji, tunda, swali kuhusu pazia. Jumanne jioni alimkuta amejinyoosha kitini, mikono kisogoni.

"Hii mashine ni balaa, baba. Kipande ambacho laptopu yangu ingekikoroga siku nzima, hii inakitoa ninapokwenda kunawa mikono. Kwa mwendo huu, Alhamisi nimemaliza."

"Alhamisi ipi?"

"Keshokutwa."

"Ulisema wiki tatu."

"Wiki tatu zilikuwa za laptopu."

Mzee Rula alisema ni vizuri. Alisema hongera pia. Kisha akaenda sebuleni, akasimama mbele ya kalenda, na kwa mara ya kwanza akaona alichokuwa amekipima, na alichokuwa amesahau kukipima. Kila mahali aliposema "hiyo yenye nguvu zaidi", alikuwa akikata siku kutoka katika duara lake mwenyewe, kwa hiari yake, huku Nyaya akimwonya na yeye akijiona mjanja.

Jumatano mchana binti alihifadhi kazi yake, akaizima mashine ipumzike, akaenda kumsalimu shangazi yake. Mzee Rula alisubiri mpaka geti lilie. Alifungua ubavu wa kasha, akaminya vibanio viwili, akatoa kijiti kimoja cha ramu na kukitia katika mfuko wa shati. Alirudisha ubavu, akakaza skrubu zote nne. Mikono hiyo haikuwahi kusogeza jiwe la mpaka la mtu yeyote.

Binti alirudi, akaketi. Baada ya robo saa sauti za kibodi zilianza kukatikakatika. Baba yake, sebuleni, alikuwa ameshika gazeti la juzi. Alisikia skrubu zikifunguliwa, moja, mbili, tatu, nne.

"Baba."

"Naam, mama."

"Kijiti kimoja cha ramu hakipo."

Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni. Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha lililo wazi. Mzee Rula alikitoa kijiti mfukoni.

"Nilikuwa nakisafisha."

"Kwa kitu gani?"

Binti alikitazama kijiti, kisha mfuko wa shati, kisha uso wa baba yake. Alitazama pia kile kiti cha pili ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tangu Jumatatu.

"Ungeniambia tu, baba."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba unataka nikae."

"Nataka ukae."

Lilikuwa jambo rahisi kulisema, kumbe. Binti aliinamisha kichwa.

"Mwenye filamu ameshaitangaza siku ya kuionyesha. Na hii ikiisha kuna nyingine. Nimeahidi watu, baba."

"Ahadi ni deni," alisema Mzee Rula, kwa sababu ndivyo mtu wa umri wake alivyopaswa kusema.

"Nitaondoka Ijumaa, si Alhamisi. Siku moja ninaweza." Alijisogeza pembeni, akamwachia nafasi. "Haya, kirudishe mwenyewe. Aliyekitoa ndiye anayejua njia."

Alikirudisha. Kililia "ta" kikakaa mahali pake.

Filamu ilikamilika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Alasiri yote walicheza gemu la magari. Mzee Rula aligonga kuta, akaingia mtoni, akashika nafasi ya mwisho mara saba. "Baba, breki zipo!" "Zipo wapi?" "Hapo ulipoweka kidole!" "Basi zimeharibika!" Binti alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko, na giza lilipoingia wakaizima, kwa kuwa basi lake lingeondoka alfajiri.

Ijumaa, aliporudi kutoka kumsindikiza, Mzee Rula alikaa mbele ya mashine, akaiwasha. Iliamka kwa sekunde nane. Alitaka kuitazama filamu ile, au walau jina lake, au hata vile vipande ambavyo binti hakuvitumia. Alifungua diski. Hakukuwa na faili hata moja. Binti alikuwa amekusanya kila kilicho chake, akakichukua, akafuta na takataka, akaacha kila kitu safi kabisa. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tangu hajajua kusoma, kwamba mtu akitumia meza ya mwenzake aiache kama alivyoikuta.