Udongo wa Poromoko la Tatu

Olive alikuwa amekata shauri kabla hawajafika hata poromoko la kwanza: angeyaharibu mazishi ya mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe.

Fiston, mwanawe wa pekee, alikuwa akiwaongoza wageni kwenye maporomoko matatu ya hifadhi, milimani juu ya Lubarika. Siku moja mvua ilinyesha huko juu huku uwandani jua likiwaka. Mto ukafura ghafla, ukamchukua alipokuwa amerudi poromoko la tatu kufuata kofia ya mgeni. Kofia, jamani! Mgeni alirudi kwao Bukavu na kichwa chake salama, na Fiston hakuonekana tena, si mtoni, si kwenye mashamba ya mpunga, si popote.

Sasa ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Ungezika mgomba, kama walivyozoea kumfanyia mtu aliyepotea na mwili wake: shina lenye urefu wake, lililoviringishwa sanda, na kifuani pake udongo wa mahali alipopotelea. Udongo huo huchukuliwa na mama, naye huteremka nao kimya mpaka mlangoni kwake. Akitamka neno lolote njiani, alichobeba ni uchafu tu na mazishi hayafanyiki. Hapo ndipo Olive alipoiona nafasi yake. Neno moja, hata la kulalamika kiu, na Fiston angeendelea kuwa mtu anayengojwa.

Walipanda watatu: Olive, shemeji yake Sévère aliyeshika panga, na Ninahazwe, mke wa Fiston. Kwenye poromoko la kwanza wanawake walikuwa wakilowesha mihogo. Waliinuka walipowaona wakipita. Kwenye la pili, pale wageni wanapopenda kupigwa picha, palikuwa na ukungu mtupu na mawe yenye utelezi. Sévère aliongea njia nzima, mara nyasi zimezidi, mara walinzi wa hifadhi ni wavivu hawafyeki njia, maana alikuwa mtu asiyeweza kukaa karibu na huzuni bila kupiga domo. Ninahazwe alikuwa amekonda hadi kitenge kilimzunguka mara mbili. Tangu msiba uanze alikuwa hajaruhusiwa kunyoa, wala kwenda shambani, wala kumwona mama yake huko Luvungi. Kwa kuwa mumewe hajazikwa, hakuwa mke wala mjane. Olive aliyajua hayo yote na yalimuuma, lakini uchungu wake mwenyewe aliuona mkubwa zaidi.

Poromoko la tatu lilimtisha. Maji yalianguka kwenye shimo jeusi kati ya kuta mbili za mawe, na hata yeye, pamoja na ubishi wake wote, hakuona mtu angetokea wapi. Akachota udongo ukingoni, akaufunga kwenye kitambaa, akafumba mdomo. Angesema pale penye mihogo, aliwaza, mbele ya mashahidi.

Walikuwa karibu kulifikia poromoko la pili wakati Ninahazwe alipoteleza. Miguu ilimtoka, akaburuzika kuelekea ukingoni, akadaka mzizi.

"Fiston, umushike!" Olive alipiga kelele.

Sévère, aliyekuwa ametangulia mbali, aligeuka na kusimama ameduwaa. Maji yaliendelea kunguruma. Ninahazwe alijivuta kwa mzizi ule, goti moja, kisha la pili, mpaka akaketi njiani akihema, damu ikimtiririka miguuni.

"Fiston haiko, mama," alisema taratibu. "Minye kila siku niko namwita. Haiko."

Sévère alishika kichwa. Udongo umeharibika, alisema, na mvua hiyo inakuja. Ingebidi waahirishe mazishi, pengine hadi masika yapite. Ndicho hasa Olive alichokitaka, na sasa alikuwa amekipata. Alimtazama mkamwana wake akijifuta damu kwa pindo la kitenge kama mtu asiyetarajia kusaidiwa na yeyote, na aibu ikamjaa kifuani. Akakifungua kitambaa, akaumwaga udongo wote majanini.

"Weye pumzika hapa na baba Sévère," alimwambia. "Minye naenda kumuleta."

Kisha akafumba mdomo, akakikunja kitambaa kitupu, akaanza kupanda tena peke yake.